Mwongozo kwa Mgeni Anayekuja Kuunganisha Mlima Elgon

Umeteuliwa. Barua inasema utakwenda Cheptais, Kaunti ya Bungoma, kuimarisha ushirikiano wa kikanda kuhusu mazingira na maendeleo. Hongera. Kabla hujapakia kompyuta na fulana zenye nembo, soma maelekezo haya. Wengi waliokutangulia hawakuyasoma, na mlima umeshawazoea.

Kwanza, jua uko nchi gani. Si swali rahisi. Simu yako huenda ikakukaribisha Uganda kabla hujashuka garini. Mpaka unapanda na mto Lwakhakha, unafika kilele cha Sudek, kisha unateremka upande wa pili na mto Suam. Hadi 1902 upande huu wote ulihesabiwa kuwa Uganda. Waingereza wakauhamisha kwa karatasi, wenyeji wakabaki palepale. Wasabaot wa huku na Wasebei wa kule ni ndugu, na vivyo hivyo Wabukusu na Wagisu. Ukisikia mtu anakwenda "ng'ambo" kwa matanga ya shangazi yake, usimuulize pasipoti.

Kama umewahi kufanya kazi na Komoro, Shelisheli au Morisi, ujuzi wako utakusaidia kidogo tu. Nchi za visiwa zilipounda Tume ya Bahari ya Hindi mwaka 1982, kila moja ilijua inapoishia: maji yanapoanzia. Hapa ndipo maji yanapoanzia, na hakuna anayeishia popote.

Pili, kariri vifupisho. Utakutana na Jumuiya ya Afrika Mashariki, EAC. Na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, LVBC, yenye makao Kisumu. Na Mpango wa Bonde la Nile, NBI, wa Entebbe. Utaambiwa pia habari za MERECP, mradi wa kuhifadhi ikolojia ya Elgon uliogharimiwa na Norway na Sweden. UNESCO nayo iliupa mlima hadhi ya hifadhi ya baiosfia: upande wa Kenya mwaka 2003, upande wa Uganda 2005. Mlima mmoja, vyeti viwili.

Kwa hiyo usisimame ukumbini ukatangaza kwamba huu ni mradi wa kwanza wa kuvuka mpaka. Mzee wa kijiji aliyeketi nyuma, yule uliyedhani amesinzia, ana kofia za miradi mitatu nyumbani.

Tatu, usiseme ushirikiano haukuwepo. Uliza habari za Chepkube, soko lililo hapo karibu. Mwaka 1975 baridi kali iliunguza kahawa ya Brazil na bei ikapaa duniani kote. Mkulima wa Uganda wa Idi Amin alikuwa akilipwa makombo na bodi ya serikali. Basi kahawa ikashuka Chepkube, mgongoni, kichwani na kwa punda, gunia juu ya gunia, na watu wakatajirika kwa magendo hayo. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mawaziri wakigombania ndege na reli. Chepkube wakati huo ilikuwa imechangamka kuliko Arusha. Watu wa huku hawahitaji semina ya kufundishwa kufanya biashara na jirani. Wanachohitaji ni askari wa daraja la mpakani asiyewadai kitu kidogo kwa beseni la ndizi.

Nne, tofautisha sare. Upande wa Kenya, hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1968 ni ya shirika la wanyamapori, KWS, na sehemu kubwa ya msitu unaoizunguka ni ya shirika la misitu, KFS. Ukivuka, hifadhi ni ya mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, UWA, kubwa mara kadhaa kuliko ya Kenya. Kila sare ina kanuni zake. Ng'ombe aliyelipiwa kibali cha kulisha katika msitu wa huku akipotea njia anakuwa mhalifu kule. Mama anayekata machipukizi ya mianzi ya kupika malewa anaweza kuwa mwenye haki asubuhi na mwizi adhuhuri, na katikati hapo amepita vijiti vya mpaka tu. Ukitaka kuwa na manufaa, kawakutanishe wakubwa wa sare hizo wakubaliane kanuni moja. Hiyo haitoshi kupigiwa picha, ndiyo maana huchelewa.

Tano, usitembee na kifaa cha GPS ovyo. Hapa mzaha unakoma kidogo. Tangu mwaka 1971, watu wa Chepkitale walipoambiwa washuke wapewe mashamba Chepyuk, orodha za ardhi zimekuwa zikiandikwa na kufutwa. Mwaka 2000 Chepkitale yenyewe ikatangazwa hifadhi, wenyewe wakageuka wavamizi. Ugomvi wa mashamba ya Chepyuk ndio uliozaa kundi la wapiganaji la SLDF. Machi 2008 jeshi likaingia kwa Operesheni Okoa Maisha. Mamia waliuawa au wakapotea, wengine mikononi mwa kundi hilo, wengine baada ya kukamatwa na askari. Kwa hiyo kijana mgeni anayepima mpaka wa msitu huku akiandika majina ya watu haonekani kama mtaalamu. Nenda kwanza kwa chifu na kwa wazee, eleza unapima nini na kwa ajili ya nani. Ukifika Chepkitale, usianze kuhubiri: Waogiek wa huko wameandika sheria zao wenyewe, na kuchoma makaa kumekatazwa humo.

Sita, fuata maji. Nenda ukasimame kando ya mto Malakisi mvua za Aprili zikinyesha. Utaona rangi ya chai ya maziwa: huo ni udongo wa shamba la mtu aliyelima vitunguu hadi ukingoni. Malakisi unaingia Malaba, Malaba unaingia Uganda, na safari inaishia Ziwa Kyoga na Nile. Bwawa la Angololo, linalopangwa na nchi zote mbili kwenye mto Malaba, litapokea udongo wa mlima huohuo. Na miteremko haichagui bendera: tarehe 1 Machi 2010, upande wa Uganda huko Bududa, kijiji cha Nametsi kilifunikwa na maporomoko. Mkulima wa Cheptais akikuuliza kwa nini aache mita kadhaa za shamba lake bila kulima, usimjibu kwa tamko la mawaziri. Mjibu atapata nini badala yake: miche ya nani, nyasi za kulisha ng'ombe yupi, na nani atamlipa msimu wa kwanza.

Saba, nauli. Fomu ya mahudhurio itazunguka mara mbili, ya pili ikiwa na majina mengi kuliko viti. Usikasirike. Mtu ameacha kibarua cha siku nzima ili akusikilize ukisema "wadau". Lipa nauli, tena mlipe aliyevuka kutoka Lwakhakha ya Uganda kwa shilingi anazoweza kutumia kwao. Chakula kiwe ugali na nyama, na kije kabla ya maazimio. Baada ya maazimio hakuna anayekula kwa raha.

Mwisho, swali la kuagana. Wakati wa kufunga, mtu atainuka aulize: mkutano ujao utakuwa wapi? Barua yako bila shaka imetaja hoteli ya Entebbe au Kisumu. Waambie Lwakhakha, siku ya soko, darajani. Uje na mkulima wa juu na wa chini ya mto, na wale wakubwa watatu wa sare. Wakikubaliana habari ya ng'ombe mmoja tu, utakuwa umefanya zaidi ya vyeti vyote viwili.