Sifa za Mharibifu wa Njia za Theluji

Mwendesha pikipiki ya theluji asiyejali ni kiumbe wa msimu. Huonekana kaskazini mwa Marekani na kusini mwa Kanada kuanzia Desemba, theluji inapotulia ardhini, na hutoweka Aprili matope yanapoanza. Chombo chake kina skii mbili mbele na mkanda mpana wa mpira nyuma. Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Québec, alikiingiza sokoni mwaka 1959 kwa jina la Ski-Doo, bila kujua ni vipaji gani angevifungulia mlango.

Ukubwa wa kazi ya mharibifu huyu hauonekani mpaka ijulikane njia ni za nani. Jimbo la Maine lina zaidi ya kilomita 22,000 za njia za theluji, na takriban asilimia 95 hupita kwenye ardhi ya watu binafsi: malisho, misitu ya mbao, hata nyuma ya vibanda vya kuku. Mwenye ardhi kwa kawaida halipwi chochote. Hutoa ruhusa kwa hisani, mara nyingi kwa kupeana mikono tu, na aliyeitoa anaweza kuiondoa. Sheria ya Maine humkinga asidaiwe fidia mgeni asiyelipa anapojiumiza shambani mwake. Haimkingi na kuudhika, na hapo ndipo mharibifu hujaza pengo.

Fadhila yake ya kwanza ni ya kilimo. Huiacha njia iliyosawazishwa na kukata kushoto, ndani ya shamba la majani ya ng'ombe. Theluji laini ni blanketi la mizizi. Ikishindiliwa, baridi hupenya mpaka chini. Majira ya kuchipua yakifika, mkulima hukuta mstari uliokauka, wenye upana uleule wa mkanda, ukizunguka shamba na kurudi ulikotoka: ramani kamili ya safari, na hakutozwa hata senti. Kwenye misonobari michanga inayolelewa kwa ajili ya Krismasi, huduma ni ya ndani zaidi. Vilele vyake hujificha sentimita chache chini ya theluji, vikiwa vikavu kwa baridi kama kijiti cha kiberiti. Mkanda ukipita, vinakatika. Mti uliopoteza kilele huweza kuota vilele viwili, na mnunuzi wa mti wa Krismasi mwenye nyota moja hana haja navyo. Mkulima ameepushwa na usumbufu wa kuuza.

Yapo pia mambo ya burudani. Ekzosi ya kiwandani hunyamazisha injini, jambo ambalo mharibifu huliona kuwa ni uchoyo. Huing'oa na kufunga nyingine isiyoficha kitu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu huja saa nane za usiku, na mwenyeji hupona usingizi.

Hata hivyo umahiri wake mkubwa uko katika sheria. Wakili huhitaji miezi kufunga njia. Yeye humtosha usiku mmoja. Asubuhi mwenye ardhi hutoka na mnyororo, akaufunga kati ya miti miwili, akatundika kibao. Kwa kuwa njia hizi zimeunganishwa shamba kwa shamba, kufungwa kwa moja katikati huziacha kilomita nyingi za pande zote mbili zikielekea kusikoenda mtu. Wanachama wa klabu ya pikipiki za theluji ya eneo hilo, ambao hutunza njia kwa kujitolea, huepushwa na uvivu: hugonga mlango wa jirani wakiwa wameshika kofia mkononi, hufyeka magogo, hujenga daraja juu ya kijito, yote kabla theluji ya mwaka unaofuata haijaanguka. Usiku huendesha mtambo wa kusawazisha, polepole, ili theluji igande kabla ya alfajiri.

Mharibifu mwenyewe hatafuti shukrani. Uso umo ndani ya helmeti, namba ya usajili imefunikwa na theluji, na sifa zote huwaachia wenzake waliokuwa wamelala nyumbani. Njia ikifungwa, haweki kinyongo. Hupakia pikipiki kwenye trela na kwenda mji wa pili, ambako njia bado ziko wazi.