Shikamoo Mzee, Kodi

Kuna kijana kwenye simu yangu, suti ya buluu, kasimama mbele ya gari ambalo kila video linabadilika rangi. Kila asubuhi ananiuliza swali lile lile: "Pesa yako inafanya kazi wewe ukiwa umelala?" Dawa yake ni moja. Jenga vyumba, pangisha, lala. Mimi nimejenga, nimepangisha. Kulala ndiko kumenishinda.

Mali yenyewe ni vyumba viwili huko Chanika, kila kimoja na choo chake ndani. Dalali anaviita "master", na kwa heshima ya jina hilo akanishauri niongeze 10,000 kwenye kodi ya kila kimoja. Kiwanja nilikinunua kwa utaratibu wetu wa pembezoni mwa Dar, kwa miguu: 20 kwa 20. Miguu ya nani? Ya muuzaji. Na muuzaji wangu alikuwa mfupi, tena siku hiyo alikuja na kandambili iliyokatika ukanda, anaiburuza. Nilikwenda na mjomba wangu, mtu anayeinama kwenye kila mlango, nikaomba yeye ndiye apige hatua. Wazee wa mipaka wakaguna. Nikaelezwa kwa upole kwamba desturi haiko hivyo, na kwamba vijana wa siku hizi tuna haraka. Kisha tukaandikishana, mashahidi wakanywa soda kwa gharama zangu, na kwenye ofisi ya mtaa nikatajiwa asilimia 10 ya bei kwa ajili ya muhuri. Risiti ningeletewa. Bado inaletwa.

Habari za fundi sitazirefusha, kila mtu ana fundi wake moyoni. Niseme tu kwamba mfuko wa saruji wa kilo 50, mikononi mwake, ulikuwa unazaa tofali nyingi kuliko nilizowahi kusikia popote. Nilipouliza, akaniambia mchanga wa huku una nguvu.

Yule wa suti ya buluu husema kikwazo cha kijana anayeanza ni mtaji. Si kweli. Mtaji unachangwa: mkopo wa kazini, kijumbe kikikuangukia, pikipiki ukaiuza. Kinachomtesa mwenye nyumba kijana ni umri wake, na hilo hakuna video inayolisema.

Mpangaji wangu wa chumba cha kwanza ni mwalimu mstaafu. Mtu safi, hana kelele, ufagio wake unaamka kabla ya jogoo. Ila ana mvi, nami nililelewa na mama aliyekuwa na kandambili karibu. Basi tarehe ya kodi ikipita nafunga safari kutoka Tabata, napanda gari hadi Gongo la Mboto, nabadilisha, nasimama hadi Chanika huku nikiyanoa maneno yangu makali njia nzima. Nafika, namkuta kakaa kwenye kigoda chini ya mpapai, miwani puani, redio mapajani. Mdomo unafunguka wenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu! Hujambo? Mama hajambo? Kazini wanakuonaje? Na lile jambo letu je, au tutakufa hatujala pilau?"

Jambo letu ni ndoa yangu. Hapo mimi ndiye mdaiwa. Natoa maelezo, naomba muda, naahidi kwamba mwaka huu hautapita. Mzee ananisikiliza kwa huruma, ananikatia papai, ananiasa nisipoteze ujana. Jua likianza kuteremka nakohoa na kusema, "Mzee, kuna ile kodi..." Ananitazama juu ya miwani kama nimetaja jibu lisilokuwemo kwenye kitabu. "Kodi ipo, mwanangu. Kodi haina miguu." Narudi Tabata na nusu papai kwenye mfuko.

Msinishauri mkataba. Mkataba ninao, wa steshenari, una mstari unaosema kodi italipwa miezi sita mbele. Mzee aliusoma wote, akasahihisha makosa manne ya kisarufi kwa kalamu nyekundu, akasaini, akalipa mwezi mmoja.

Chumba cha pili yumo dada wa rika langu, na kwa huyo sina shikamoo ya kunikwamisha. Huyo kodi analipa siku yenyewe, halafu anataka huduma. Vyumba vyangu vina mita moja, kwa kuwa kuvuta ya pili kulinishinda, na humo ndimo Bunge lilimokuja kunitafutia ugomvi. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU: ilianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 2023 ikapandishwa hadi 1,500. Inakatwa kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi. Dada akaingiza 2,000 tarehe mosi, zikarudi uniti za kunyooshea kola ya shati. Saa nne usiku simu.

"Kaka, hii 1,500 ni ya jengo au ni yangu mimi?"

"Ni ya jengo, dada."

"Jengo la nani?"

Nikamtumia 1,500 na ya kutolea. Mwezi uliofuata hivyo hivyo. Huku na huku nikagundua kitu: mzee, ambaye miaka yote alifundisha hesabu, hajawahi kununua umeme wa kwanza wa mwezi hata siku moja. Ikifika tarehe 30 anakaa gizani na redio ya betri, anasubiri dada aanze.

Hesabu za kijana wa suti ya buluu hazina mzee wala dada. Zangu ninazo hapa nyuma ya bahasha. Kiwanja na ujenzi vimekula milioni 17. Vyumba viwili, kila kimoja 60,000, ni 1,440,000 kwa mwaka, yaani karibu miaka 12 nirudishe hela yangu tu, ndipo nianze kuitwa tajiri. Hiyo ni kama hakuna chumba kitakachokaa kitupu hata mwezi mmoja, kama kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango itasahau njia ya Chanika, na kama masika hayatajaza shimo la choo. Masika yameshalijaza. Gari la kunyonya majitaka likaja, dereva akalizunguka shimo akitikisa kichwa, akanitajia bei ambayo ukiigawa kwa kodi ya chumba unaona afadhali angenyonya na nyumba yenyewe.

Kazini nina mwenzangu, msichana mkimya, tulianza naye kuweka akiba mwaka mmoja. Zake akapeleka kwenye hati fungani za serikali. Mara mbili kwa mwaka riba inaingia kwenye akaunti yake, naye anaendelea kula karanga mezani kwake. Nilimcheka sana wakati ule. Nikamwambia mali ni kitu unachoweza kukiegemea. Hati fungani haina choo, haina bati, na haijawahi kumpigia mtu simu saa nne usiku.

Baba mkubwa naye, badala ya kunipongeza, alikuja na yake ya Aprili 1971, serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000. Nikamwambia baba, hiyo ilikuwa zamani, na tena mimi nina vyumba viwili tu. Akanyanyua kidole: "Shilingi 100,000! Vyako umesema milioni ngapi vile?" Tangu siku hiyo, kwenye misiba, ananitambulisha kwa wazee wenzake kwa sauti ya chini.

Na dalali je? Alichukua kodi ya mwezi mmoja kwa kila mpangaji aliyeniletea, ikawa yeye ndiye mtu wa kwanza kufaidi jasho langu. Sasa namwona anapitapita pale, anampungia mkono dada, anamsifia vyumba vipya vyenye mita mbili vilivyojengwa mtaa wa nyuma. Akimhamisha, atakula mwezi wa kule, halafu aniletee mwingine ale na wangu. Hajawahi kushika tofali huyu, na katika sisi wote ndiye pekee ambaye pesa yake inafanya kazi akiwa amelala. Nimemkuta amelala.

Kilele cha vituko ni kwamba mimi mwenyewe bado napanga. Chumba na sebule, Tabata, kwa mama mmoja ambaye miezi sita kwake ni miezi sita, na shikamoo anaipokea huku mkono umeshanyooshwa. Juzi nilikuwa namwandikia ujumbe: "Mama, bomba bado linavuja, hii wiki ya pili." Kabla sijautuma ukaingia wa dada kutoka Chanika: "Kaka, bomba bado linavuja, hii wiki ya pili." Nikautuma wangu. Mama akajibu papo hapo, "Fundi anakuja kesho." Nikalinakili jibu lake vile vile lilivyo, nikamrushia dada. Fundi hajaonekana Tabata, na Chanika sijasikia habari zake.

Sijui nani alimwambia mama kwamba nina vyumba. Namshuku baba mkubwa, alikuja kunitembelea akakaa naye kibarazani kutwa nzima. Jioni yake mama akanigongea, mara ya kwanza akiwa anatabasamu, akanipa hongera, akaniita "baba mwenye nyumba mwenzangu". Akaketi, akalalamika kuhusu saruji, akalaani mafundi, akanipa namba ya gari la majitaka lenye nafuu. Tukaelewana kweli, kwa mara ya kwanza tangu nihamie. Aliposimama kuondoka akanishika bega.

"Kuanzia Januari nimepandisha kodi," akasema. "Wale wengine bado sijawaambia, nimeanza na wewe. Wewe unajua mambo yalivyo."

Nikamwambia shikamoo.