Sifa za XML Bapa

Wanaoiponda XML bapa huanza na sura yake: maelfu ya rekodi zimepangwa foleni chini ya elementi moja, hakuna mzazi wala mtoto, na kila rekodi inarudia jina la mkoa kana kwamba msomaji ni msahaulifu. Yote ni kweli, na ndiyo ninayoyasifu. Rekodi ya mauzo ya korosho yenye Mtwara, Oktoba na idadi ya kilo inajitosheleza. Ichomoe popote, itume kokote, bado inajieleza. Aliyeweka mikoa juu na miezi chini yake ameshaamua mkubwa ni nani, na kesho bosi akitaka taarifa ya mwezi kwa mwezi, mti mzima utang'olewa. XML bapa haikuahidi lolote, kwa hiyo haidaiwi.

Tena inafunza adabu. XSLT ya kwanza, lugha ya kugeuza XML, ya mwaka 1999, haikuwa na amri ya kupanga makundi. Steve Muench wa Oracle ndiye aliyeieneza njia inayoitwa kwa jina lake: tangaza ufunguo kwa xsl:key, kisha pitia rekodi zote, ubakize ile tu ambayo generate-id() yake ni sawa na ya rekodi ya kwanza chini ya ufunguo huo. Yaani ili kuijua mikoa, kila rekodi inahojiwa kama ndiyo kifungua mimba wa ukoo wake. XSLT 2.0 ilipokuja mwaka 2007 na xsl:for-each-group, mahojiano hayo matamu yakageuka amri moja kavu. Heri vivinjari, vilivyoishia toleo la 1.0 na kuwaachia mafundi wa zamani ulaji wao.

Eti marudio yanajaza diski? Hakuna kinachobanika kwa zip kama marudio. Pingamizi zito ni hili: "Mtwara" yenye nafasi mwishoni huhesabiwa mkoa mwingine, na kwa group-adjacent, inayounganisha rekodi zinazofuatana tu, Lindi ikipenya katikati, Mtwara hutokea mara mbili. Sawa, lakini mti nao ungelibeba kosa la nafasi, tena likiwa tawi kamili lenye mauzo yake. Kwenye foleni, normalize-space() inalimaliza kabla kundi halijazaliwa. Na wanaocheka wafungue faili lao la .docx: vichwa na aya vyote ni w:p, ndugu wa tumbo moja, na sura haina elementi yake, anayeitaka akaibahatishe kwa mtindo wa kichwa.