Kivuli Chenye Mwendo wa Gari

Bibi Kambo alicheka hadi akaegemea ukuta, na wapangaji wa parseli nzima wakatoka kuuliza kuna nini. Kulikuwa na mimi, profesa wa hesabu wa jioni, na mlango wa bati nilioandika kwa chaki kwamba kivuli cha shemine ya Lubumbashi, dohani ya kiwanda cha shaba, hufika mwendo wa kilomita 130 kwa saa.

"Baba profesa," alisema akijifuta machozi kwa kanga, "miye niko hapa tangu wakati wa kampuni ya Union Minière. Ile kivuli haiyapita hata kuku!"

Mjukuu wake, anayejiandaa kwa Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, aliinamisha kichwa kwa aibu, na aibu ilikuwa yangu. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba jibu lilikuwa sahihi.

Hebu fikiri. Shemine ile ya kiwanda kilichomimina shaba yake ya kwanza mwaka 1911 ina urefu wa mita 150 hivi. Jua la Lubumbashi hupita utosini mara mbili kwa mwaka: kuelekea mwisho wa Oktoba na karibu na Februari 20. Februari ni mawingu matupu, basi chukua Oktoba. Adhuhuri kivuli hakina urefu wowote. Baada ya hapo, mwale unaogusa ncha ya shemine na kushuka hadi ardhini unaanza kuzunguka, na egemeo la mzunguko ni ile ncha. Dunia inamaliza digrii 360 kwa saa 24, kwa hiyo mwale unageuka karibu digrii 15 kila saa, hauharakishi wala hauchoki. Kinachoharakisha ni pale unapoikuta ardhi.

Kanuni ni hii: zidisha urefu wa shemine kwa mwendo wa pembe, ukiupima kwa radiani, kisha gawanya kwa kosaini ya pembe iliyo kati ya mwale na shemine, halafu gawanya tena kwa kosaini ile ile. Kwa nini mara mbili? Hapo ndipo mimi husahau chakula. Mara ya kwanza ni kwa sababu mwale umerefuka: kadiri ncha yake ilivyo mbali na egemeo, ndivyo mgeuko mdogo unavyoivuta mbali zaidi. Mara ya pili ni kwa sababu mwale umelala: unaigusa ardhi kwa mshazari, na kila hatua ya kugeuka inanyooshwa tena juu ya udongo. Mambo mawili tofauti kabisa, kosaini moja.

Adhuhuri, kivuli kikiwa bado sifuri, ncha yake tayari inakwenda sentimita 65 kwa dakika. Sifuri yenye mwendo! Baada ya saa tatu mwendo umekuwa maradufu. Baada ya saa nne ni mita 2.6 kwa dakika, na baada ya saa tano karibu mita 10. Dakika nne kabla jua halijazama, pembe ikiwa digrii 89, kama ardhi yote ingekuwa tambarare, ncha ingekuwa zaidi ya kilomita nane mashariki, ikikimbia kilomita 130 kwa saa. Jua likigusa upeo, kosaini inakuwa sifuri, na mwendo hauna kikomo.

Kambo hajawahi kukiona kivuli kikikimbia hivyo kwa sababu jua si nukta. Lina upana wa nusu digrii, hivyo kingo za kivuli hufifia kadiri kinavyokwenda mbali, na nyumba, miembe na vumbi la Oktoba humalizia kilichobaki. Nilimweleza yote hayo. Akaniuliza kama nimekula.

Mshale wa saa ya ukutani, mfano wangu uliofuata wa kitu kinachogeuka, ulikuwa umesimama tangu betri ilipokufa. Taa ya pikipiki inayogeuka mbele ya ukuta ilinigharimu esansi ya mwenye pikipiki. Mlango unaofunguka ulifungwa na upepo, na mimi nikabaki nje.

Ila siwezi kuucheka mfano wa kitabuni: mnara wa taa ya bahari, mwanga wake ukipita ufukweni. Hesabu ni ile ile. Lakini bahari iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa, na shemine iko dirishani. Moshi wake ulikausha miti upande wa kaskazini-magharibi na kuacha metali kwenye udongo, na watafiti wameupima udongo huo. Kivuli chake, ambacho mtoto angeweza kukipima bure kwa kamba na vijiti, hakimo katika kitabu chochote nilichopewa kufundishia. Basi wanafunzi wanakariri mnara, wanaweka alama kwenye jibu, wanasonga mbele.

Yule binti, mjukuu wa Kambo, hakukariri. Mwaka 2019 serikali ilifuta ada za shule ya msingi. Sekondari bado inalipwa, na wiki ile ya kicheko cha Kambo alirudishwa nyumbani kwa sababu ya deni, wenzake wakifundishwa dérivée, yaani hesabu ya mwendo kama huu. Akiwa amekaa barazani alitafuta peke yake ni lini kivuli kitampita mtu anayetembea kilomita tano kwa saa. Akapata: dakika ishirini kabla ya machweo, karibu kilomita 1.7 kutoka kwenye shemine. Nilirudia hesabu usiku, nikapata hivyo hivyo. Swali hilo halitatoka kwenye mtihani, na deni bado lipo.