Kalamu Sikioni, Kidole Sufuriani

Wananicheka hapa Mabatini. Eti mwanaume mzima anapika pombe ya mtama na kaunta buku kwapani. Jamani, nifanyeje? Sufuria la Pasaka lilitoka safi, walevi wakanipa mkono kama nimeshinda udiwani. Lililofuata, siki tupu. Mtama uleule, kuni zilezile, kichwa hikihiki. Wananiuliza, ile ya Pasaka uliipikaje? Nitajuaje? Imeshanywewa.

Nikabanwa kwenye Hiace hadi Magu kwa shangazi, mpishi tangu enzi za Mwalimu. Nikafungua ukurasa.

"Shikamoo shangazi. Mtama unauloweka muda gani?"

"Marahaba baba. Mpaka ulowe."

Naandika: mpaka ulowe.

"Kwenye gunia unakaa siku ngapi?"

"Mpaka uote. Unaanika, unasaga, ndicho kimea. Kikivunda usiniletee."

"Na uji upoe kiasi gani ndiyo nitie kimea?"

"Tia kidole. Kikivumilia kidogo, tia."

Hapo ndipo nilipoonewa. Kidole cha nani? Cha shangazi kimeepua vyungu tangu utotoni, hakina habari. Changu, cha kubonyezea simu, kikavimba palepale. Kalamu haishikiki. Ukurasa mzima kaniandikia mwanangu wa darasa la tatu, na kila penye "kimea" kaweka "kimeo".

Mwalimu mmoja wa sayansi, mteja wangu wa mkopo, akanipa somo. Mtama ukiota unatengeneza vimeng'enya, ndivyo vinavyogeuza wanga wa uji kuwa sukari. Chachu inakula hiyo sukari, inatoa kilevi. Uji ukiwa unatokota, vimeng'enya vinakufa. Ukipoa mno, vinasinzia. Kumbe kidole cha shangazi ni maabara!

Basi nikaenda duka la dawa, wakaniuzia kipimajoto cha homa. Nakichovya, kinaandika H. Vile mwisho wake ni nyuzi 42 na ushee, havikutengenezewa uji. Nami nikaandika H. Mke wangu akasoma, akasema H ni hasara.

Na mjumbe asinisome vibaya, sijasema gongo. Gongo sheria inakataza. Hii ni ya mtama, ukiilaza siku mbili tatu inageuka siki yenyewe, bila msaada wangu.

Sasa kaunta buku yenyewe. Walevi wameona ina mistari mizuri, wakaigeuza daftari la madeni. Pembeni ya "mpaka ulowe" kuna fundi baiskeli, lita mbili. Chini ya H kuna kwaya nzima. Lakini ndiyo rekodi pekee inayosomeka: sufuria likitoka tamu, madeni yanajaa kurasa, likitoka siki, hakuna hata anayeomba kukopa.

Tangu juzi haionekani. Uliyeichukua, najua u mdaiwa. Kurasa za madeni chana, nimesamehe. Za shangazi nirudishie, maana Magu kwa kidole hiki sirudi.