Kioo Kipana, Barua Ndefu

Mteja wetu mmoja wa Morogoro alitutumia rambirambi ya shilingi 20,000 kwa simu. Ofisini hakuna aliyekuwa amefiwa. Tulikuwa tumemwalika kwenye sherehe ya kufunga mwaka.

Mwaliko ule niliuandika mimi. Nilifanya wanachofanya makarani wote tangu kompyuta zije: nikafungua barua ya zamani, nikafuta tarehe, nikaweka mpya, nikabadili aya ya juu ikawa ya nyama choma na muziki, nikawatumia wateja arobaini. Barua ya zamani ilikuwa ya pole. Nusu yake ya chini, ambayo haikuonekana kwenye kioo changu, iliendelea kuwaombea wafiwa subira katika kipindi hiki kigumu na kuwaahidi kwamba uongozi uko nao bega kwa bega. Kwa hiyo ukiisoma yote inakwenda hivi: karibuni sana, kutakuwa na mbuzi wawili, Mola awape subira.

Bosi akaniita. "Mzee," nikamwambia, "kosa ni la kioo." Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mmoja wa wale mbuzi amejichinja mwenyewe.

Lakini ndivyo ilivyokuwa, na vipimo ninavyo.

Kabla ya hapo nilikuwa na ThinkPad T60, mtumba wa Ulaya, kioo chake cha inchi 15 kikiwa na umbo lile la TV za chogo: upana sehemu nne, kimo sehemu tatu. Feni yake ilipoanza kuvuma kama mashine ya kusaga, ofisi ikaamua kuninunulia laptopu mpya. Ilikuwa mwaka 2013. Kijana wa duka la Kariakoo aliligonga boksi kwa kidole. "Hii kubwa zaidi, kaka. Kumi na tano nukta sita. Na ni pana, hadi muvi utaangalia." Hakuna aliyeuliza karani wa barua anaangalia muvi saa ngapi.

Ya kwanza kugoma ilikuwa begi. Begi la T60 lilimpokea mgeni nusu, zipu ikaishia njiani, pembe moja ikabaki nje kama goti la mtoto aliyeizidi kaptula. Mwezi mzima nikatembea mjini na pembe ile. Kwa Kariakoo hilo ni tangazo kwa vibaka, na ukilibandika mwenyewe hulipii.

Siku ya rambirambi ndipo nilipoazima rula ya mwanangu wa darasa la nne. Nikaanza na T60: upana sentimita 30 na nusu, rula ikakosa kidogo tu. Kimo, 22.9. Nikaja kwa ile mpya. Rula iliisha na kioo kikaendelea; upana 34 na nusu. Kimo, 19.4. Nikapima tena nikidhani nimeishika rula vibaya. Zimekatwa sentimita tatu na nusu, na sentimita tatu na nusu ni aya nzima ya rambirambi.

Hila yote iko kwenye zile inchi. Kioo hupimwa mshazari, kutoka pembe ya chini hadi pembe ya juu ya upande wa pili, na mshazari hauna haya: unaweza kurefuka huku eneo likipungua. Ile ya inchi 15 ina sentimita za mraba 697. Ile "kubwa zaidi" ina 671. Ukiivuta chapati kwa pembeni, unga hauongezeki. Nukta zinazochora picha nazo ndizo zilizoniuma zaidi. T60 yangu ilikuwa na nukta 1,400 kwa upana na 1,050 kwa kimo. Mpya ina 1,366 kwa 768. Hesabu mwenyewe: kioo nilichouziwa kwa sifa ya upana kina nukta chache hata kwa upana. Na katika hizo 768, juu kuna utepe wa vitufe vya Word, chini kuna upau wa Windows, barua imebanwa katikati kama abiria wa siti ya watu wawili waliokaa watatu.

Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21 na kimo cha 29.7. Karatasi imesimama, kioo kimelala.

Nani alikilaza? Nilimtafuta mkosaji kwa bidii, nikamkuta hana kosa. Umbo la 16 kwa 9 lilizaliwa kwenye televisheni. Mapema miaka ya 1980 mhandisi wa Marekani, Kerns Powers, alichukua maumbo ya picha yaliyokuwa yakitumika kwenye sinema na televisheni, akakata mistatili yenye eneo sawa, akaipanga moja juu ya nyingine, vitovu vikilingana. Mstatili wa nje ulioifunika yote na ule wa ndani uliokuwa ndani ya yote, yote miwili ilikuwa takriban 16 kwa 9. Kazi safi kabisa. Ila katika rundo lile hamkuwa na barua hata moja. Miaka ikaenda, viwanda vinavyokata vioo vya televisheni kutoka kwenye bamba kubwa vikaona hakuna haja ya kukata laptopu kwa umbo jingine, na kufikia 2011 hata ThinkPad T420, mtoto wa ukoo wa T60 yangu, alikuwa amelala chali.

Nisiwe mchoyo wa haki. Excel inakaa vizuri humo. Januari hadi Desemba, na safu ya jumla, vyote vinaonekana bila kusukuma. Tatizo ni kwamba havionekani na mimi peke yangu.

Nilikuwa nikienda Dodoma kwa basi, siti ya dirishani, nikimalizia hesabu za safari za robo mwaka. Laptopu Kiswahili sanifu kinaiita kompyuta mpakato, kwa kuwa unaipakata. Hii ukiipakata, nusu anaipakata jirani yako. Jirani yangu alikuwa mama wa makamo mwenye kikapu. Nilishamwamkia tukiwa Ubungo, tukamalizana vizuri. Tulipofika Kibaha akatoa miwani. Tulipokaribia Chalinze akanigusa kiwiko, ambacho kwa kweli kilikuwa upande wake.

"Mwanangu, hapo mwezi wa nane mafuta umeyaweka mara mbili."

Nikatazama. Kweli.

"Samahani kukuingilia," akasema. "Mimi mweka hazina wa vikoba, jicho limezoea."

Nikamshukuru, nikasahihisha, nikadhani yameisha. Akaweka kikapu chini, akasogea.

"Na huyu dereva, mbona posho yake ndogo kuliko yako, na anayeendesha ni yeye?"

Nikafunga kompyuta, nikaangalia mikonge hadi Morogoro. Yeye akatafuna mahindi yake taratibu kama mkaguzi aliyekwisha kuandika hoja.

La bosi ndilo sipendi kulisimulia, lakini nimeshaanza. Ilikuwa siku ya wageni. Projekta yetu ni ya zamani, 1,024 kwa 768, ya umbo lile la chogo. Nilifika saa moja asubuhi nikaunganisha waya, kompyuta ikaonana na projekta, zikakubaliana kutumia nukta za projekta. Hapo kompyuta ikazitanua nukta 1,024 zijaze kioo cha 1,366. Mimi hilo sikulijua. Nilichokiona ni picha ya bosi kwenye ukurasa wa kwanza, na bosi ameongezeka theluthi moja. Mashavu yamekutana na tai. Nikasema wageni hawawezi kumwona Mzee hivi, nikaishika picha kwa pembeni, nikaibana kidogo kidogo kwa upendo, hadi akarudi kuwa yeye. Nikahifadhi. Lenzi ya projekta wakati wote huo ilikuwa na kizibo chake.

Saa tatu watu wamekaa, nikavua kizibo. Projekta haikuwa na cha kutanua. Ukutani alisimama mtu mwembamba kama mwiko, uso umerefuka, macho yamekaribiana, chini yake pameandikwa jina na cheo cha bosi wetu. Nikageukia kioo changu: yuko vizuri kabisa. Nikageukia ukuta: mgonjwa. Mgeni mmoja, mtu mwenye adabu, akamwinamia bosi akamuuliza polepole, "Ile ilikuwa mwaka gani? Pole sana."

Kwa hiyo kwa msaada wa kioo kile bosi wangu amepokea pole mbili, moja ya msiba na moja ya maradhi, na yote mawili hakuwa nayo.

Nasikia sasa mambo yanarudi. Dell XPS 13 ya mwaka 2020 ilikuja na 16 kwa 10, ThinkPad X1 Carbon ikafuata 2021, na Surface Laptop ya Microsoft tangu 2017 ni tatu kwa mbili. Waliotengeneza wamekumbuka kwamba mtu akisoma anakwenda chini. Hizo zitakapomaliza utumishi wao huko Ulaya zitashuka Kariakoo, na yule kijana ataligonga boksi kwa kidole: "Hii ina kimo, kaka." Nitakuwepo, na rula mfukoni.

Mpaka hapo natumia hii hii. Upau wa Windows nimeuhamishia ubavuni, utepe wa Word nimeukunja, na barua yoyote kabla haijatoka naiprinti, naishika mkononi, naisoma hadi kwenye saini.

Ile 20,000 tuliirudisha siku ileile. Makato ya kutuma nililipa mimi.