Barua ya Wazi kwa Kamati Inayoogopa Dawa ya Bei Nafuu

Kwa Wajumbe wa Kamati ya Udahili,
Skuli ya Famasia (jina nalihifadhi, kama nanyi mlivyohifadhi sababu za kuninyima nafasi).

YAH: OMBI LA KUPIMWA KWA KIINI, SI KWA KIBANDIKO

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Houston, mwanafunzi wa chuo cha jamii mchana na msaidizi katika duka la dawa usiku. Usingizi nimeuahirisha.

Kwanza poleni na kazi. Kwenye usaili mliniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini kemia ya kaboni, maikrobiolojia na anatomia nilizisomea "kule", kwenye chuo cha jamii. Neno "kule" mlilitamka kama mtu anayesoma tarehe ya dawa iliyokwisha muda. Siku ile ulimi ulinikauka, basi najibu leo: nilisomea kule kwa sababu ada ya kule niliiweza. Kuhusu kemia yenyewe, msiwe na wasiwasi. Kaboni ya kule ina mikono minne kama ya kwenu. Tulihesabu.

Juzi kazini alikuja bibi mmoja kuchukua dawa ya presha. Alizoea kidonge chenye jina kubwa. Tukampa cha jeneriki, rangi nyingine, umbo jingine. Akakisukuma pembeni: "Hiki cha bei rahisi sikitaki." Mfamasia wetu, aliyehitimu kwenu, akatoka nyuma ya kaunta akamweleza kwamba kiini ni kile kile, kipimo ni kile kile, na mamlaka ya dawa, FDA, hairuhusu vinginevyo. Bibi akaelewa, akalipa, akaenda zake. Dakika tatu. Mimi nawaeleza nyinyi jambo hilo hilo mwaka wa pili sasa.

Tena somo hilo walimu wake ni nyinyi. Tangu sheria ya 1984 ilipozifungulia njia dawa za jeneriki, Marekani imelielewa vizuri hata leo takriban 9 kati ya kila dawa 10 zinazotolewa kwa cheti cha daktari ni za jeneriki. Kila mhitimu wenu anajua kuwa Panadol ya Tanga na Tylenol ya Houston ni paracetamol ile ile. Lakini mwombaji akileta alama A ndani ya paketi isiyo na picha ya jengo lenye nguzo, mnaitikisa, mnainusa, mnaulizana kama itamdhuru mtu.

Zamani palikuwa na mzani. Mtihani wa udahili wa famasia, PCAT, ulimuuliza mtoto wa chuo chenye nguzo na mtoto wa chuo chenye maegesho tu maswali ya aina moja. Mwanzoni mwa 2024 ukafutwa. Tulishangilia kuokoa ada yake, tukasahau kwamba mzani ukiondoka sokoni, muuzaji hupima kwa macho.

Sisemi skuli zote zina macho hayo. Zipo zilizotia saini mikataba na vyuo vya jamii, kwa kutambua kuwa miaka miwili hivi ya masomo ya awali, kabla ya minne ya famasia yenyewe, inasomeka popote penye mwalimu na maabara. Waombaji nao si wengi kama zamani, na kiti kitupu hakilipi ada. Hesabu hiyo haihitaji kemia.

Kwa hiyo naomba mchague moja. Kama jina ndilo linaloponya, waagizeni wahitimu wenu wamrudie yule bibi, wamwombe radhi na kumuuzia kile cha bei kubwa. Kama kinachoponya ni kiini, fungueni tena faili langu. Mwisho wa safari, mtihani wa leseni, NAPLEX, ni mmoja kwangu na kwa waliosomea penye nguzo, na mgonjwa atakayepewa dozi sahihi hataniuliza nilijifunzia jengo gani.

Nimeambatisha matokeo yangu. Nembo yake haivutii, nakiri. Tafadhali someni maandishi madogo yaliyo chini yake, kama mnavyowafundisha wengine kusoma.

Wenu mtiifu,
Mwombaji wa Jeneriki